Mlango Ambao Kukhu Hakuuona

Katika kanisa letu anayeonyeshwa hachori. Mwanamke anaweza kuonyeshwa jambo akiwa katika maombi, au akiwa jikoni anakatakata sukuma wiki, lakini hashiki penseli mwenyewe. Anamwendea msichana ambaye hajaolewa na anayejua kuandika, anaketi, anafumba macho, anasema alichokiona, na msichana yule anachora. Tunamwita kalamu. Baadaye akina mama wanauhamisha mchoro kwenye kitambaa cheupe kwa karatasi ya kaboni, wanaudarizi kwa uzi wa rangi, na kitambaa kinatundikwa nyumbani kwa mwenyewe au mbele ya madhabahu. Mdomo ni wa mmoja, mkono ni wa mwingine, sindano ni za wengine tena. Jina haliandikwi popote, ili asiwepo wa kujivuna.

Nimekuwa kalamu tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Sasa nina ishirini na sita, nina digrii ya takwimu, na bado ni kalamu, kwa sababu kalamu anaachiliwa kwa njia mbili tu: aolewe, au apate kazi. Akishapata mojawapo, akina mama wanamwimbia, wanampa shuka, na penseli inakwenda kwa msichana mwingine. Mimi sijaimbiwa. Msichana aliyekuwa anasubiri zamu yake baada yangu ameshaolewa, ana watoto wawili, na hakuwahi kuigusa penseli.

Sisi ni watu wa kanzu nyeupe. Waanzilishi wa kanisa walikuja Nairobi kutoka magharibi ya Kenya kutafuta vibarua, wakaja na ngoma zao na misalaba ya kushonwa kifuani. Jumapili tunakodi darasa katika shule moja karibu na Jamhuri, tunasukuma madawati ukutani, tunavua viatu. Roho akishuka watu wanatetemeka, hasa akina mama. Nilipokuwa mdogo niliona ni jambo la kawaida kama kupiga chafya. Nilipoingia chuo kikuu nikaanza kuona haya, na nikiulizwa ninasali wapi nilisema tu, "Huko Ngong Road."

Kisha mwaka wa tatu, katika somo la hiari nililochagua kwa sababu lilikuwa halina mtihani, mhadhiri alituonyesha ukutani picha za wanawake wa dhehebu moja la zamani la Marekani. Alisema watu waliwaita Watetemekaji, kwa sababu walitetemeka katika ibada. Wanawake wale walionyeshwa mambo, na wakayachora au wakachorewa na wenzao: miti, funguo, saa, ndege, mioyo iliyokatwa kwa karatasi na kujazwa maandishi madogo. Hawakujiita wasanii. Walijiona ni vyombo tu, na zawadi imepitia kwao. Wenzangu darasani walikuwa kwenye simu. Mimi nilikaa pale masikio yakinichoma kana kwamba mtu amebandika picha ya mama yangu ukutani. Na wazo lililonijia, kwa sababu mimi kichwa changu kiko hivyo, halikuwa la uzuri wa picha zile. Nilijiuliza kama kulikuwa na mmoja wao aliyewahi kuchora kitu cha kichwani mwake mwenyewe, akanyamaza.

Wakati huo nilikuwa sijafanya hivyo. Nafikiri.

Kalamu ana masharti yake. Anaruhusiwa neno moja tu wakati wa kuchora, nalo ni "Kisha?" Haulizi ni rangi gani, haulizi ni kubwa kiasi gani, haulizi maana. Hatumii rula. Na hatumii raba kabisa. Mstari ukishapigwa umepigwa, hata kama mkono umeteleza, kwa sababu hakuna anayejua mkono umetelezeshwa na nani. Nina michoro ambayo doa la chai limedariziwa kwa uzi wa kahawia kwa uangalifu mkubwa na kuombewa.

Mtu ambaye nimemchorea zaidi ya wote ni bibi mkongwe wa kanisa letu. Kila mtu anamwita Kukhu, yaani nyanya, hata wasio Waluhya. Anaishi Jamhuri kwa binti yake, ambaye mimi namwita Anti, na mimi na mama yangu tunakodi chumba nyuma ya nyumba yao, chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kukhu ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Jicho la kulia limekuwa jeupe kama maziwa yaliyoganda. Mwaka huu alijimwagia maji ya chai mkononi akidhani kikombe kiko mahali kilipokuwa jana, na Anti akapiga magoti na kulia mpaka Kukhu akakubali kuandikishwa kliniki ya macho. Siku ikapangwa: Alhamisi moja, saa mbili asubuhi. Daktari alisema likiachwa likomae zaidi itakuwa kazi ngumu, na pengine jicho lisione tena.

Mwezi mmoja kabla ya siku hiyo, Jumamosi mchana, Kukhu aliniita nije na penseli.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimepata barua pepe kutoka kampuni moja ya bima mjini. Nilikuwa nimefanya mahojiano nao mara mbili, mara ya pili ghorofa ya tisa, mbele ya watu watano, na mmoja wao alicheka vizuri nilipotania kuhusu lifti. Kwa sababu ya kicheko kile nilikuwa nimeshaanza kupanga maisha. Barua ilianza kwa neno "tunasikitika". Niliisoma nikiwa nimesimama Ngara, mbele ya duka la jumla tunakonunulia uzi, nimebeba mifuko miwili ya uzi wa mama. Nilirudi mpaka mjini kwa miguu nikiwa naisoma tena na tena, kutafuta mahali nilipokosea, kana kwamba wangeniandikia.

Mchana nikaketi mbele ya Kukhu, karatasi ya manila juu ya meza ya kahawa. Akafumba macho. Mabega yakaanza kutetemeka kidogo kidogo, kama mtu anayesikia baridi.

"Naona birika," alisema. "Kubwa kushinda hii nyumba. Limening'inia na hakuna kamba."

Nikachora birika.

"Kisha?"

"Vikombe. Saba. Sita vimeangalia juu, moja imefunikwa. Na ndege wawili wamebeba kijiko, huyu huku, huyu huku."

"Kisha?"

Akanyamaza. Kukhu huwa ananyamaza hivyo, wakati mwingine dakika tano, wakati mwingine robo saa, na kalamu hatakiwi kuuliza mara mbili. Nilisubiri. Nilisikia Anti akiosha vyombo. Nikawaza ghorofa ya tisa, nikawaza yule aliyecheka, kama alicheka kwa kunionea huruma. Tangu nikiwa shule ya msingi, nikisubiri kitu mkono wangu huchora milango. Madaftari yangu yote ya chuo yamejaa milango pembeni, mikubwa na midogo. Na pale, kwenye kona ya chini kulia ya maono ya Kukhu, mkono ukachora mlango. Ulikuwa wazi nusu. Nikauwekea mistari mitano ya mwanga inayotoka ndani, kwa sababu bila mwanga haueleweki kama uko wazi.

"Kisha vikombe vikajaa," Kukhu akasema, nami nikashtuka, nikautazama mkono wangu.

Raba hakuna. Nilifikiria kuugeuza mlango uwe kitu kingine, sanduku labda, lakini hilo lingekuwa kosa la pili juu ya la kwanza. Nilifikiria kumwambia pale pale. Lakini alikuwa bado anatetemeka, na katika miaka tisa sikuwahi kusikia kalamu akisema neno lolote zaidi ya lile moja. Nikajiambia: nitamwambia Mama asiunakili mlango. Yeye ndiye anayehamisha mchoro kwenye kitambaa. Ataruka kona hiyo, basi.

Mama Mwenyekiti akaingia kabla sijasimama. Ndiye kiongozi wa akina mama, mwenye sauti ya kuitisha mkutano hata akiomba chumvi. Alikuwa amekuja kumletea Kukhu ndizi. Akainama juu ya meza.

"Mayi we! Na mlango! Kukhu, ulionyeshwa mlango?"

"Mlango?" Kukhu alifumbua macho ambayo hayamsaidii. "Nimesema mlango?"

"Uko hapa. Umefunguliwa. Na mwanga unatoka ndani."

Kukhu huwa hakumbuki yote anayosema. Hilo wote tunalijua, ndiyo maana kalamu yupo. Alinyoosha mkono, nikauongoza mpaka kwenye kona, akaipapasa karatasi ambayo haina la kupapasa.

"Umefunguliwa," alisema polepole. "Asante."

Sijui alikuwa anamshukuru nani. Nilikunja vidole vyangu ndani ya kiganja.

Wiki tatu akina mama walidarizi. Mama yangu ni fundi wa nguo Kenyatta Market, ana kibanda kati ya wasusi na wachoma nyama, na kitambaa cheupe anakifunga kwa nailoni mbili ili moshi usikifikie. Birika lilishonwa kwa uzi wa bluu. Mlango aliushona yeye mwenyewe, kwa uzi wa dhahabu, mishono midogo sana, kwa sababu Mama Mwenyekiti alikuwa ameshafundisha somo zima juu yake Jumapili, kwamba ni mlango wa mbinguni. Nilimtazama akiushona. Kila mshono ulikuwa unaniongezea ugumu wa kusema, na niliujua ugumu huo ukiongezeka, nikakaa pale nikimpitishia uzi kwenye sindano.

Kitambaa kilitundikwa mbele ya madhabahu Jumapili, siku kumi na moja kabla ya kliniki. Watu walikuja kukigusa. Baada ya nyimbo Kukhu alishikwa mkono akasimamishwa, akaligeukia kanisa, au alipodhani kanisa liko.

"Mimi mumekuwa mnaniombea macho," alisema. "Muache. Nimefunguliwa mlango. Sasa niende nikatobolewe macho ya nini? Ya kuangalia nini tena hapa? Nyinyi? Nyinyi nimewaona."

Watu walicheka, na wengine wakalia, na ngoma zikaanza. Nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma. Nilihisi kama mtu aliyeegemea swichi kwa kiwiko na kuzima taa za mtaa mzima.

Wiki ile Anti alijaribu kila njia. Alimwita mchungaji, ambaye alisema hawezi kusimama kati ya mama na maono yake. Alimpigia simu kaka yake kijijini. Kukhu alimjibu kila mmoja kwa upole, na upole ule ndio uliotutisha. Alianza kugawa vitu vyake. Blanketi moja kwa huyu, sufuria kwa yule. Mimi alinipa mwavuli. Jumanne Anti alinikuta nikianika nguo, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Wewe umesoma," alisema. "Wewe anakupenda. Si umwambie?"

"Nimwambie nini, Anti?"

"Chochote. Alhamisi wiki ijayo ikipita, hao watu wa kliniki watampa mtu mwingine nafasi. Na huyu mama hatarudi kuandikisha. Ninamjua. Atakaa hapo kwa giza akingojea mlango."

Nikasema nitajaribu. Nilianika shati moja mara tatu.

Nilichokuwa nakiogopa si kimoja, na hapo ndipo nilipokwama. Nikisema mlango ni wangu, Mama atakuwa ameshona uongo kwa uzi wa dhahabu mbele ya madhabahu. Mama Mwenyekiti atakuwa amehubiri uongo. Hayo yangepita. Lakini kulikuwa na vitambaa vingine, zaidi ya thelathini, katika nyumba kuanzia Kawangware mpaka Kibera, vyote kutoka mkononi mwangu. Kimoja kilizikwa pamoja na mume wa Mama Mwenyekiti, kimemfunika kifua. Mstari mmoja ukiwa wangu, nani ataamini mingine? Na mimi je, niliamini? Nilijaribu kukumbuka kila mchoro, Kukhu alisema nini, fulani alisema nini, na kadiri nilivyokumbuka ndivyo nilivyokosa uhakika. Nilikumbuka nyota ambayo sikukumbuka mtu akiitaja. Nikisema, vyote vitatiliwa shaka. Nikinyamaza, mwanamke mmoja atapofuka kwa sababu nilinyimwa kazi.

Ijumaa nilikwenda kibandani nikamwambia Mama. Nilichagua wakati ambapo cherehani inalia na wasusi wa jirani wamefungulia redio.

"Mama, ule mlango Kukhu hakuusema."

Aliendelea kukanyaga cherehani. Alikuwa anashona sare ya shule.

"Unasema nini?"

"Alikuwa amenyamaza. Nikauchora. Sikukusudia."

Mguu ukasimama. Alitazama nje, ambako mwanamume mmoja alikuwa anachagua mbavu kwenye jiko la jirani.

"Hiyo maneno usirudie hapa," alisema.

"Lakini Mama, hataenda hospitali kwa sababu—"

"Nimekusikia." Akakata uzi kwa meno. Kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimejiandaa kwalo, na nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. "Na yangu?"

Kitambaa chake ndicho cha kwanza nilichochora. Baba alikuwa ametuacha, na ndugu zake Mama walikuwa wanataka arudi nyumbani kijijini. Akaonyeshwa kiti chenye mizizi. Kiti kimeota mizizi ndani ya sakafu ya simiti. Akina mama wakasema maana yake akae Nairobi, akakaa. Kitambaa kile kiko juu ya kitanda chetu mpaka leo.

"Yako ulisema mwenyewe," nikamwambia. "Kiti. Ulisema kiti."

"Mizizi nilisema?"

"Ulisema."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Mama."

Akaikung'uta sare na kuigeuza. Nina hakika. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilikuwa nimeogopa kurudi kijijini kuliko kitu chochote, na nina hakika alisema mizizi.

"Basi nenda kamwambie mwenyewe," alisema, akaukanyaga mguu wa cherehani tena. "Mimi siwezi kukutangulia. Na usimwambie kama unamfundisha."

Nilimwendea Kukhu Jumatatu, siku tatu kabla ya kliniki. Nilikuwa nimepanga sentensi zangu, nimeziandika hata kwenye simu. Alikuwa ameketi uani, miguu juani, anamenya njugu kwa vidole bila kuzitazama.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Kukhu. Kalamu."

"Kaa. Umekula?"

"Nimekula."

"Uongo. Kaa."

Nikakaa. Sentensi zote zikanitoka.

"Kukhu, kuna kitu kwenye kitambaa chako ambacho hukukisema."

"Mimi husema mengi sikumbuki."

"Hukuwa unasema. Ulikuwa umenyamaza kabisa. Mimi nikachora. Ule mlango."

Vidole vyake viliendelea na njugu moja, ikapasuka, akaiweka bakulini. Hakuchukua nyingine.

"Mlango."

"Ndiyo."

"Na ule mwanga wanasema unatoka ndani?"

"Niliuchora mimi."

"Wewe."

"Mimi, Kukhu."

Akapangusa vidole kwenye sketi. Nilisikia jogoo wa jirani, nikasikia mtu akigonga bati mahali. Nilingoja aseme amenisamehe, au aseme Mungu anaweza kutumia hata kosa, kama akina mama wanavyosema juu ya doa la chai. Nilikuwa nimejiandalia jibu la hilo pia.

"Basi mimi nilikuwa naenda wapi?" aliuliza.

Nikazitazama njugu bakulini.

"Nimegawa blanketi," alisema. "Nimemwambia marehemu mzee wangu anisubiri. Kila asubuhi ninamwambia, subiri hapo hapo. Nilikuwa naenda wapi?"

"Nisamehe, Kukhu."

"Ulikuwa unawaza nini ukichora?"

"Nilikuwa nimenyimwa kazi asubuhi hiyo."

"Kazi gani?"

"Kampuni ya bima."

Akageuza uso wake kwangu, yale macho meupe yakasimama karibu na sikio langu.

"Kwa hivyo huo ni mlango wa bima."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakuwa anacheka.

"Wiki zote hizi ninaomba mbele ya mlango wa bima! Na huyo Mwenyekiti amehubiri, ameruka juu, ameanguka chini. Mlango wa bima!" Alisukuma bakuli, njugu zikamwagika kwenye simiti. "Wewe mtoto, nilikupa mdomo wangu. Unajua ni nini, mtu haoni, anampa mwingine mdomo wake?"

"Najua."

"Hujui. Toka."

Niliinuka. Nilitaka kuokota njugu, nikaona nitamkera, nikaziacha, kisha nikaona kuziacha ni kumdharau, nikainama tena.

"Nimesema toka. Hizo njugu zina miguu? Ziache." Nilikuwa nimefika pembeni ya nyumba aliposema, kwa sauti ya chini, "Hiyo Alhamisi ni saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Mwambie huyo binti yangu atafute gari. Nitakwenda. Nikipata jicho nitakaa hapo kando yako nione mwenyewe unachora nini."

Alikwenda. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kliniki na Anti, ambaye alinishika mkono muda wote akidhani nilimshawishi Kukhu kwa hekima fulani. Sikumwambia. Alitoka na jicho la kulia limefunikwa kwa plasta, mdomo umekazwa, akaomba chai na kulalamika kwamba ni maji matupu. Ijumaa plasta ilitolewa. Anti aliniambia Kukhu alitazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma, akasema, "Hizi ni za nani?" Kisha akaomba apelekwe dukani kuangalia watu.

Jumamosi akaitisha akina mama wote nyumbani.

Alisimulia kila kitu. Hakunificha, hakunipamba. Aliposema "mlango wa bima", mtu mmoja nyuma alicheka na kuzibwa mdomo. Mama Mwenyekiti alikuwa amekaa na mikono magotini, na shingo yake ilikuwa imekakamaa hata nikaumia kuitazama.

"Mume wangu," alisema mwishowe, bila kuinua sauti, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia hivyo. "Kile kitambaa. Kuna kitu chako?"

"Hapana, Mama. Yote uliyasema wewe."

"Wewe ndiwe unasema niliyasema."

Hilo ndilo nililokuwa nimeliogopa usiku na mchana, na lilipofika lilikuwa dogo na tupu kama alivyolisema. Wengine wakaanza. Na wangu? Na ile nyota? Niliwajibu mmoja mmoja: hapana, hapana, hapana. Ninaamini nilisema kweli. Nyota sikuijibu vizuri.

Mmoja akapendekeza kitambaa kishushwe kifumuliwe. Mama yangu akasimama. Alikuwa amekuja na mkasi kwenye pochi, nadhani kwa kazi, au pengine si kwa kazi.

"Kama ni kufumua, nitafumua mimi, mshono ni wangu," alisema. "Lakini mkasi ni raba, au si raba? Mniambie kwanza."

Wakabishana karibu saa nzima. Wengine walisema sharti la raba ni la kalamu, si la fundi. Wengine walisema kufuta ni kufuta. Walinukuu vitambaa vya zamani, doa lile na lile, mkunjo ule ambao ulifanywa mto. Mwishowe wakakubaliana kibaki, na hakuna atakayefundisha juu ya ile kona tena. Kitabaki hapo kama mtu aliyekuja mkutanoni bila kualikwa.

Nikainua mkono. "Naomba kuachiliwa," nikasema. "Tafadhalini. Mtafute kalamu mwingine."

Kukhu alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamwa naye baada ya miaka sijui mingapi, na jicho lile lilikuwa jeusi, kali, jipya.

"Umeolewa?"

"Hapana."

"Umepata kazi?"

"Hapana, Kukhu."

"Basi keti. Unataka tumpe nani? Mtoto wa watu aanze kukosea mwanzo? Wewe angalau tunajua unakosea wapi." Akina mama wakaguna, wengine kwa kukubali. "Na kumbe umekonda hivi. Binti yangu, mletee huyu chakula."

Nikaketi. Sahani ikaletwa, nikala wakinitazama.

Tangu siku hiyo nimechora mara mbili. Hatuchorei tena sebuleni, tunachorea uani kwenye mwanga. Anayeonyeshwa anakaa upande mmoja na kufumba macho, na Kukhu anavuta kiti chake mpaka goti lake linagusa langu, ameinamisha kichwa upande ili jicho la kulia liwe juu ya karatasi. Hasemi kitu. Nikiinua penseli, anaitazama penseli. Mwenye maono akinyamaza, anautazama mkono wangu, na mkono unakaa mezani umetulia kabisa, mpaka unaanza kufa ganzi. Sijui kama mistari yangu imekuwa bora. Ni myembamba zaidi, Mama anasema, na inamsumbua kuinakili.

Nimetuma maombi ya kazi kumi na manne tangu wakati huo, mawili yakiwa Kisumu. Jicho la kushoto litafanywa baada ya miezi miwili. Kukhu ameshasema ni mimi nitakayempeleka, si Anti, na ameniambia nisipange safari yoyote wiki hiyo. Sina safari. Nilimwambia nitakuwepo.